Utalii wa mito ya Bonde la Ufa hautafaulu bila mkulima wa Kinangop

UPANUZI wa barabara kuu inayotoka Rironi kupitia Naivasha na Nakuru hadi Mau Summit, uliozinduliwa rasmi Novemba 2025, unazua swali ambalo halijajibiwa na wakandarasi wala wanasiasa. Wasafiri watakaopita katika eneo la kati la Bonde la Ufa kwa kasi zaidi watasimama wapi? Na watakapoondoka, watakuwa wamemwachia nani pesa zao?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi. Mgeni alifika Nakuru kutazama heroe waliolifanya ziwa kuwa la rangi ya waridi, akaona vifaru, akalala usiku mmoja na kuendelea na safari ya Maasai Mara. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda. Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la zamani la mbuga pamoja na barabara za kando ya ufuo. Magadi yalipopungua ukali, chakula cha heroe nacho kilipungua, na ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko.

Nakuru ilipopandishwa hadhi na kuwa jiji Desemba 1, 2021, ilikuwa tayari imepoteza sehemu kubwa ya kile kilichoipatia sifa duniani. Ndiyo maana macho ya wengi yameanza kuelekea juu, kwenye milima, magenge, makorongo na mito. Hapo kuna mambo mawili ambayo mataifa mengine yameyageuza kuwa riziki ya kudumu: safari za gari za kujionea mandhari, na uvuvi wa samaki wa trauti kwa mshipi na nzi bandia.

Mandhari yapo na mito ipo. Kinachokosekana ni kuelewa kwamba mto si picha ya kutundikwa ukutani. Mto ni maji yanayotoka katika shamba la mtu, na mtu huyo asipopata faida yoyote, hakuna mtalii atakayekuta samaki.

Njia zilizosahaulika

Ni maeneo machache Afrika Mashariki yanayoweza kumpa dereva mengi kiasi hiki katika siku moja. Anayetoka Nairobi hukutana kwanza na ukingo wa bonde karibu na Limuru, ambapo ardhi huporomoka ghafla na Mlima Longonot kuonekana kwa mbali. Barabara ya chini inayoelekea Mai Mahiu ilijengwa kwa jasho la mateka wa kivita Waitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali kando ya njia hadi leo.

Kutoka Nakuru, barabara ya kuelekea kaskazini mashariki hupita ubavuni mwa Menengai, shimo la volkano lenye upana wa takriban kilomita 12. Huteremka katika bonde la Subukia, kisha hupanda tena na kuvuka mstari wa Ikweta kabla tu ya kufika Nyahururu. Huko Mto Ewaso Narok huanguka zaidi ya mita 70 katika maporomoko ambayo Mskoti Joseph Thomson aliyapa jina la familia yake alipopita mwaka 1883.

Hata hivyo, njia yenye utajiri zaidi ni ile isiyozungumzwa sana. Kutoka Naivasha, barabara hupanda hadi uwanda wa Kinangop, ikapita Ndunyu Njeru na mashamba ya viazi na kabeji, na hatimaye kufika lango la Mutubio katika Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare. Katika mwendo wa saa chache msafiri huwa ametoka kwenye joto la migunga ya Naivasha, katika mwinuko wa takriban mita 1,890, hadi kwenye nyika baridi yenye ukungu, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Mgongo huo wa mlima ndio unaoyagawa maji. Upande wa mashariki, mito ya Chania na Gura hukata makorongo marefu na kuporomoka katika maanguko makubwa kabla ya kwenda kuungana na Mto Tana. Upande wa magharibi huchimbuka Malewa na mkono wake Turasha, ambayo huteremka hadi Ziwa Naivasha. Msafiri anayesimama hapo juu huwa anatazama, kwa mara moja, chanzo cha riziki ya mamilioni ya watu wanaoishi mbali na macho yake.

Samaki aliyekuja kwa meli

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na vifaranga wakatiwa katika Mto Gura. Miaka michache baadaye trauti wa jamii nyingine, mwenye mstari wa waridi ubavuni, aliletwa kutoka Afrika Kusini. Baada ya hapo samaki hao walipandwa katika mito ya Mlima Kenya, ya Aberdare, na ya misitu ya Mau upande wa Kericho.

Lengo lilikuwa burudani ya watu wachache. Ikumbukwe kwamba ni mwaka 1904, mwaka mmoja tu kabla ya mayai hayo kufika, ambapo Wamaasai walihamishwa kutoka malisho yao ya Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi. Uvuvi wa trauti ulizaliwa katika mazingira hayo ya kunyang'anyana ardhi, na harufu hiyo haijaisha. Hadi leo Wakenya wengi huuona kuwa mchezo wa Wazungu na wa matajiri wenye vilabu vyao.

Uvuvi wenyewe ni wa ustadi. Mvuvi hatumii mnyoo wala chambo kizito. Hutumia ufito mwembamba, mshipi mrefu na ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu anayeelea majini. Huirusha taratibu juu ya maji na kumngoja samaki adanganyike. Wengi humwachilia samaki baada ya kumnasa, hivyo samaki mmoja anaweza kuvuta ada za wageni kadhaa kabla ya kufa, ilhali sokoni angeuzwa mara moja tu.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kenya ina mizizi mirefu katika biashara hii, ila kwa upande wa karakana. Nzi bandia wanaofungwa kwa mikono na wafanyakazi Wakenya wameuzwa kwa miongo mingi kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani. Mikono inayojua kutengeneza chambo bora inapatikana nchini, lakini pesa za mvuvi anayekitumia hubaki katika mito ya Uskoti na Marekani. Hapo ndipo fursa ilipo.

Samaki kama shahidi

Wako wanaoweza kuuliza kwa nini taifa lijisumbue kwa ajili ya samaki wa kigeni. Swali hilo ni la haki. Wataalamu wa viumbe wanaiweka trauti katika orodha ya viumbe vamizi waliosababisha madhara makubwa duniani, kwa kuwa huwala samaki wadogo na wadudu wa asili. Kuipanda katika kila kijito kipya itakuwa makosa.

Lakini pale alipokwisha kuzoea kwa zaidi ya miaka 100, trauti ana faida moja isiyo na mfano: hawezi kusema uongo kuhusu hali ya maji. Hustawi katika maji baridi yasiyozidi nyuzi 20 hivi za selsiasi, yenye hewa tele na yasiyo na matope. Jike hutaga mayai yake katikati ya changarawe safi. Udongo ukiingia mtoni, hujaza nafasi zilizo kati ya mawe, mayai yakakosa hewa na kufa. Miti ya kando ikikatwa, jua hupasha maji joto na samaki hupanda juu zaidi au hutoweka.

Kwa hiyo, anayetaka kujua hali ya msitu na mashamba ya juu hana haja ya kusubiri ripoti kutoka Nairobi. Atazame kama trauti bado wapo.

Mto Malewa ni mfano bora. Eneo linalomimina maji yake katika mto huo lina ukubwa wa takriban kilomita 1,700 za mraba, na ndio unaoleta sehemu kubwa zaidi ya maji ya mito yanayoingia Ziwa Naivasha. Sehemu za juu zimekuwa na trauti, na watafiti wa ziwa hilo wameeleza jinsi mmojammoja alivyoteremka mara kwa mara hadi ziwani. Sehemu ya chini, kabla ya Naivasha, mto hupita katika korongo lenye miti na magenge ambako hifadhi na hoteli za watalii zimejengwa.

Maji hayohayo yana kazi nyingine. Yale ya Turasha hupelekwa kwa mabomba hadi Gilgil na Nakuru. Yale yanayofika ziwani hunyunyizia mashamba ya maua yanayouza bidhaa zake Ulaya na kuajiri maelfu ya watu. Kwa maneno mengine, matope yanayoua mayai ya trauti ndiyo yanayoziba mitambo ya maji ya mijini na kupunguza kina cha ziwa. Kumlinda samaki na kuilinda mifereji ya jiji ni kazi moja.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi

Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi huko Kinangop yaligawanywa kwa maelfu ya familia za wakulima wadogo. Vizazi viwili baadaye, vipande hivyo vimegawanywa tena na tena miongoni mwa wana na wajukuu. Mwenye ekari moja na nusu kando ya Turasha hulima hadi ukingoni mwa maji si kwa sababu ni mkaidi, bali kwa kuwa ukanda huo wenye rutuba ndio unaomlipia karo ya shule.

Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa ulinzi wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, kulingana na upana wake. Kwa mwenye shamba dogo, mita hizo ni sehemu ya chakula cha nyumbani. Kumwambia aziache bila kumpa chochote ni kumtaka agharimie peke yake faida ya watu wa Naivasha na Nakuru. Ndivyo ilivyo katika methali: mkulima ni mmoja, walaji ni wengi.

Jaribio la kurekebisha hali hiyo limewahi kufanywa, tena lilifanywa papo hapo. Mashirika ya WWF na CARE yaliendesha mpango ambapo watumiaji wa maji wa karibu na ziwa walichanga, na wakulima wa maeneo ya Wanjohi na Turasha ya juu wakapewa vocha za kununulia pembejeo. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010. Masharti yalikuwa ya kawaida: kupanda nyasi katika kingo za miteremko, kutengeneza matuta, kupanda miti na kuacha kulima hadi majini.

Vocha hizo zilikuwa ndogo mno kuweza kumtajirisha mtu. Manufaa makubwa zaidi yalitokana na nyasi zenyewe, zilizogeuka lishe ya ng'ombe wa maziwa, na udongo uliobaki shambani. Lakini mpango ulithibitisha jambo moja muhimu: kwamba mtu wa chini anaweza kumlipa mtu wa juu, na makubaliano yakaheshimiwa. Udhaifu wake ulikuwa kutegemea wafadhili na hiari ya wachache, badala ya kuwekwa katika sheria na bajeti.

Kikwazo kingine ni cha kiutawala. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti majukumu ya uvuvi na utalii wa mashinani. Malewa huchimbuka katika Kaunti ya Nyandarua na kuishia katika Kaunti ya Nakuru. Hoteli, mashua, ada za maegesho na vibali vya biashara viko Nakuru. Miteremko, mvua, mmomonyoko na wakulima maskini wako Nyandarua. Mbuga zilizo kati yao zinasimamiwa na shirika la kitaifa la wanyamapori, KWS. Hivyo anayekusanya pesa si yule anayetunza chanzo, na hakuna kitabu cha hesabu kinachowaunganisha.

Upande wa Mau hali haina tofauti kubwa. Jopokazi lililoundwa na serikali lilieleza mwaka 2009 kwamba takriban robo ya msitu huo wa zaidi ya hekta 400,000 ilikuwa imepotea katika muda wa miongo miwili hivi. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayolisha Ziwa Nakuru hutegemea msitu huo. Bwawa la Itare huko Kuresoi, lililonuiwa kuipatia Nakuru maji, lilikwama mwaka 2018 mkandarasi wake wa Italia alipoingia katika matatizo ya kifedha. Mabilioni yalikwenda kwenye saruji kabla ya swali la hali ya msitu ulio juu yake kupata jibu.

Korongo halina huruma

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wa utalii hawapendi kulitaja katika matangazo yao, nalo ni hatari.

Korongo maarufu zaidi katika eneo hili ni Ol Njorowa, lililo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate kusini mwa Ziwa Naivasha. Halina mto wa kudumu wala trauti. Lilichongwa zamani sana na maji ya ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo, yalipofurika na kutafuta njia ya kusini. Kuta zake nyembamba na urahisi wa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli vimelifanya kipenzi cha vijana na wanafunzi kutoka Nairobi.

Aprili 2012, vijana wa kundi moja la kanisa walikumbwa na mafuriko ya ghafla ndani ya korongo hilo, na saba wakafariki. Septemba 1, 2019, msiba wa aina hiyo hiyo ulirudi na watu saba wakapoteza maisha, akiwemo mwelekezi wa watalii. Miaka saba ilikuwa imepita kati ya mikasa hiyo miwili, muda uliotosha kuweka vifaa vya kupima mvua, ngazi za kupandia na sheria ya kuwaondoa watu mapema.

Hatari ya korongo iko katika udanganyifu wake. Mvua hunyesha mbali, kwenye miinuko ambayo aliye chini haioni. Mbingu iliyo juu yake inaweza kuwa ya buluu wakati ukuta wa maji tayari uko njiani. Na kadiri miteremko ya juu inavyopoteza nyasi na miti, ndivyo maji yanavyoteremka kwa haraka zaidi. Mlolongo ni ule ule: shamba lililo wazi juu, tope katikati, maafa chini.

Maafa ya aina hiyo hayawapati watalii pekee. Mei 9, 2018, bwawa la shamba lilipasuka huko Solai, kaskazini mwa Nakuru, na watu wasiopungua 47 wakafa. Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli ya zamani upande wa Kijabe yalifumuka usiku na kuvikumba vijiji vya Mai Mahiu, kikiwemo Kamuchiri. Zaidi ya watu 45 waliangamia. Mkasa huo ulitokea chini ya ukingo uleule ambao wasafiri husimama kupiga picha.

Ndiyo sababu suala la barabara haliwezi kutenganishwa na suala la maji. Barabara inayokatwa ubavuni mwa mlima hukusanya maji na kuyamwaga mahali pamoja. Mifereji na makalvati yake yakiwa madogo, au yakiachwa kuziba, mandhari hugeuka mtego. Mjadala kuhusu barabara ya Ihithe hadi Ndunduini, iliyopangwa kukatiza msitu wa Aberdare, uliibua hofu hizo na kuwafikisha wahifadhi mahakamani mwaka 2024. Wanaoitaka husema itafupisha safari kati ya Nyeri na Nyandarua. Wanaoipinga husema itaupasua msitu unaotoa maji. Pande zote mbili zina hoja, ila ni wazi kwamba barabara inayoua mto haiwezi kuuzwa kama njia ya kwenda kuutazama mto huo.

Funzo kutoka ng'ambo

Kenya haina haja ya kubuni kila kitu upya. Katika jimbo la Colorado nchini Marekani, korongo la Mto Big Thompson lilikuwa na sifa kamili: barabara ya kupendeza, hoteli ndogo na trauti tele. Julai 31, 1976, mvua kubwa ilinyesha kwenye miinuko na mafuriko yakawaua zaidi ya watu 140, wengi wao watalii. Leo katika makorongo ya jimbo hilo kuna mabango yanayomwagiza msafiri aache gari na kupanda mlimani maji yakija. Bango la aina hiyo si ghali, na lingefaa Hell's Gate kuliko matangazo mengi.

Mfano wa pili ni wa jiji la New York. Milima ya Catskill, inayotajwa kuwa chimbuko la uvuvi wa nzi bandia nchini Marekani, ndiyo pia inayolipatia jiji hilo sehemu kubwa ya maji yake. Maji yalipoanza kuchafuka, jiji lilikabiliwa na gharama ya mabilioni ya dola kujenga mtambo wa kuyachuja. Mwaka 1997 lilichagua njia nyingine: likaingia katika makubaliano na jamii za milimani, likagharimia marekebisho katika mashamba yao na kununua ardhi kutoka kwa waliokuwa tayari kuuza. Maji ya Catskill yakaendelea kutiririka mijini bila mtambo huo, na wavuvi wakaendelea kwenda milimani.

Tofauti kati ya New York na Naivasha ni kubwa kwa utajiri, si kwa hoja. Mpango wa Malewa wa mwaka 2010 ulifuata fikira hiyo hiyo, tena kwa wakulima walio maskini zaidi. Kilichokosekana ni uti wa mgongo wa kisheria.

Mambo ya kufanywa

Kwanza, Nyandarua na Nakuru zinapaswa kutia sahihi makubaliano ya kugawana mapato ya mto. Sehemu ya ada za maji, vitanda vya hoteli na vibali vya uvuvi ziende moja kwa moja kwa wakulima wanaotunza kingo, kupitia vyama vya watumiaji wa maji ambavyo tayari vipo kisheria. Malipo yawe ya kila mwaka na yategemee kazi inayoonekana, si ahadi.

Pili, mwenye shamba kando ya mto aruhusiwe kupata ada ya mvuvi anayepita kwake. Katika nchi kama Uingereza, kipande cha mto chenye samaki ni mali inayoheshimiwa sawa na shamba la ngano. Mkulima wa Kinangop akijua kwamba kila mgeni anayesimama ukingoni humletea chochote, hatahitaji askari wa kumkumbusha asilime hapo. Atapalinda mwenyewe.

Tatu, mchezo huu uondolewe sura yake ya kikoloni. Vijana wa Njabini, Wanjohi na Kuresoi wafunzwe kuwa waelekezi, na kazi ya kufunga nzi bandia ipelekwe karibu na mito. Kituo cha serikali cha kuzalisha trauti huko Kiganjo kina ujuzi wa miongo mingi, na kinaweza kuwaelekeza wanaotaka kufuga samaki hao katika mabwawa yasiyotoroka, badala ya kuwatia katika vijito ambako bado kuna samaki wa asili.

Nne, pasiwe na korongo linalofunguliwa kwa umma bila mfumo wa tahadhari unaopima mvua kwenye miinuko iliyo juu yake. Mwelekezi awe na mamlaka ya kuahirisha ziara bila kuhofia kupoteza ujira wa siku.

Tano, barabara mpya ya Mau Summit itengewe vituo salama vya kusimama na kutazama mandhari, vyenye nafasi kwa wauzaji wa mazao, mbali na miteremko ambako malori yamesababisha vifo vingi. Itakuwa ajabu Wakenya walipie ada ya kupita huku wachuuzi wa njugu, karoti na ngozi za kondoo wakifukuzwa kando ya njia waliyoishi nayo kwa miaka mingi.

Mwaka 2024 Kenya ilipokea takriban watalii milioni 2.4 kutoka nje. Kati ya hao, ni wachache mno waliokuja kwa ajili ya mto. Nafasi ya kukua ipo, na soko la ndani la familia za Nairobi, Nakuru na Eldoret huenda likawa kubwa hata kuliko la wageni.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika suala hili kuinama ni kumtazama mkulima mwenye jembe lake juu ya Turasha, asubuhi ya baridi, akiamua ni wapi pa kuishia kulima. Uamuzi wake wa mita sita tu ndio utakaoamua kama maji yatafika Nakuru yakiwa safi, kama ziwa litabaki na kina chake, na kama mgeni atakayesimama kwenye daraja la Malewa miaka kumi ijayo ataona samaki au tope.

Wanaopanga bajeti za utalii wamezoea kuanzia hotelini. Safari hii waanzie pale mto unapoanzia.